Hadhira Isiyoweza Kushuka: Upigaji Picha wa Bendi Inayotumbuiza Ndani ya Chombo cha Usafiri wa Umma

Ikisiri

Makala haya yanafafanua upigaji picha wa bendi inayotumbuiza moja kwa moja ndani ya chombo cha usafiri wa umma, kama vile basi, treni na kivuko. Hoja kuu ni kwamba maamuzi mengi yanayoonekana kuwa ya kiufundi, yakiwamo idadi ya ala, mahali pa kuweka maikrofoni, matumizi ya kamera ya mkononi na kurekodi kwa mkupuo mmoja, yanafungamana na jambo moja la kijamii: abiria hakupanda chombo ili kuitazama bendi, na chombo kikiwa katika mwendo hawezi kuondoka. Kwa kutumia mifano ya London, Paris na New York, makala yanabainisha viwango vitatu vya uhuru wa hadhira. Kisha yanaeleza masuala ya sauti, picha na ridhaa, na kupendekeza utaratibu unaoweza kufuatwa na mtafiti katika vyombo vya usafiri vya Afrika Mashariki.

Maneno muhimu: hadhira, utendaji, ridhaa, usafiri wa umma, kurekodi

1.0 Utangulizi

Wataalamu wa fasihi simulizi wamekwisha kuonesha kwamba utendaji hauwezi kuelezwa kwa kuangalia maneno au sauti peke yake. Finnegan (1970) alisisitiza kuwa kazi simulizi hupata uhai wake pale tu inapotendwa mbele ya watu. Kwa mujibu wa Mulokozi (1996), tukio la fasihi simulizi hutawaliwa na mwingiliano wa mambo sita, ambayo ni fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio lenyewe, mahali na wakati. Ingawa mjadala huo ulihusu zaidi utambaji, ngoma na ushairi, unafaa pia kuichambua bendi ya muziki, kwa kuwa nayo hutenda mbele ya watu, mahali fulani na kwa wakati fulani.

Bendi inapoingia ndani ya basi au behewa, matatu kati ya mambo hayo sita hubadilika kwa pamoja. Mahali hapatulii, kwani jukwaa lenyewe linasafiri. Wakati haumilikiwi na fanani, bali na ratiba, taa za barabarani na vituo. Hadhira nayo haikukusanyika kwa ajili ya tukio. Imekusanywa na safari. Mtu amekata tiketi ya kwenda kazini, hospitalini au sokoni, kisha anajikuta mbele ya tarumbeta na kamera.

Swali linalojibiwa na makala haya ni hili: mabadiliko hayo matatu yanamlazimu mpiga picha, hususani mpiga picha aliye mtafiti, afanye kazi yake kwa namna gani? Jibu linajengwa kwa hatua. Kwanza inachunguzwa mifano inayojulikana, kwa sababu ndiyo iliyozoesha watazamaji kuiona aina hii ya picha kuwa jambo jepesi.

2.0 Viwango Vitatu vya Uhuru wa Hadhira

Kiwango cha kwanza ni chombo kisicho na abiria. Mfano wake ni Black Cab Sessions, mfululizo wa video ulioanza London mwaka 2007. Mwanamuziki au kikundi huketi katika kiti cha nyuma cha teksi nyeusi ya jiji hilo, na wimbo mmoja huimbwa na kurekodiwa kwa mkupuo mmoja huku teksi ikipita mitaani. Mtazamaji huona taa za jiji dirishani, husikia injini, na hupata hisia kwamba muziki umekutana na maisha ya kila siku. Hata hivyo, teksi ya kukodi haina mtu wa tatu. Hadhira pekee ni dereva na mpiga picha. Mfululizo wa La Blogothèque ulioanza Paris mwaka 2006, ambao filamu zake nyingi za awali ziliongozwa na Vincent Moon, una tukio linalokaribiana na hilo. Mwaka 2007 bendi ya Arcade Fire iliimba wimbo wake Neon Bible ikiwa imebanana ndani ya lifti ya mizigo katika ukumbi wa Olympia, huku mmoja wao akichana kurasa za jarida ili mchano huo uwe mdundo. Lifti ni chombo kinachosafiri, lakini hiyo haikuwa lifti ya umma.

Kiwango cha pili ni mahali pa usafiri ambapo hadhira inaweza kuondoka. Mwaka 2014, video ya kikundi cha Too Many Zooz kikipiga muziki katika stesheni ya Union Square, New York, ilisambaa sana mtandaoni. Kikundi hicho kina watu watatu: mpiga tarumbeta, mpiga saksafoni ya sauti nene, na mpiga ngoma aliyejivika ngoma yake kifuani. Video ilirekodiwa na mpita njia. Miaka miwili baadaye kikundi kilishiriki katika albamu ya Lemonade ya Beyoncé. Katika jukwaa la stesheni, msafiri asiyependa muziki husogea upande wa pili, na asiyetaka kuonekana hugeuka. Anayebaki amechagua kubaki, japo kwa dakika chache.

Kiwango cha tatu ni ndani ya chombo chenye abiria, kikiwa katika mwendo. Hapa mlango umefungwa. Ni kiwango hiki ambacho mamlaka nyingi za usafiri hukikataza. Huko Paris, tangu mwaka 1997, shirika la usafiri la RATP limekuwa likiwasaili wanamuziki na kuwapa vibali vya kupiga muziki katika njia na kumbi za stesheni, lakini si ndani ya treni. London nayo, tangu mwaka 2003, ina utaratibu wa leseni wenye sehemu maalumu zilizotengwa stesheni. Kanuni za New York huruhusu utumbuizaji katika maeneo ya stesheni kwa masharti, huzuia vikuza sauti katika majukwaa ya kupandia treni, na haziruhusu utumbuizaji ndani ya mabehewa, ingawa wapo wanaoufanya licha ya katazo.

Ulinganisho huu unaonesha jambo ambalo mtazamaji hulisahau kwa urahisi. Mifano ya teksi na lifti, ambayo huonekana kuwa ya papo kwa papo kuliko yote, ni ile ambayo abiria aliondolewa kabla kamera haijawashwa. Mtafiti anayeiga mtindo huo ndani ya basi lenye watu arobaini anachukua umbo la kazi hizo bila kuchukua sharti lililoziwezesha.

3.0 Sauti: Kukaribia Ala, Kuepuka Mazungumzo

Katika kazi hii sauti hutangulia picha. Mtazamaji huvumilia picha inayotikisika, lakini havumilii wimbo usiosikika. Ndani ya chombo, adui mkubwa ni mngurumo wa injini, magurudumu na upepo, ambao sehemu yake kubwa iko katika masafa ya chini. Suluhisho la haraka ni kuwasha kichujio kinachokata masafa yaliyo chini ya hetsi 80 au 100. Tatizo ni kwamba uzi mnene wa gitaa la besi hutoa noti ya takribani hetsi 41, na uzi mnene wa gitaa la kawaida takribani hetsi 82. Kichujio kinachoondoa injini huondoa pia msingi wa muziki. Kwa hiyo besi isirekodiwe kwa maikrofoni ya hewani. Iunganishwe kwa waya moja kwa moja na kinasa sauti, na kichujio kitumike kwa waimbaji tu.

Jambo la pili ni umbali. Katika mazingira ya wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu, nguvu ya sauti hupungua kwa takribani desibeli 6. Maikrofoni iliyo sentimita 20 kutoka kinywani, ikilinganishwa na ile iliyo juu ya kamera sentimita 80 kutoka kinywani, hupata faida ya takribani desibeli 12. Ndani ya basi kuta za bati na vioo hurudisha mwangwi, hivyo hesabu haiwi kamili, lakini mwelekeo wake haubadiliki: maikrofoni ndogo iliyobanwa kwenye nguo au kwenye ala ni bora kuliko maikrofoni nzuri iliyo mbali.

Faida hii ya kiufundi ni pia kinga ya kimaadili. Maikrofoni iliyo karibu na ala husikia muziki zaidi na abiria kwa uchache. Iliyo mbali hukusanya kila kitu, ikiwa ni pamoja na mtu anayemweleza nduguye kwa simu majibu ya vipimo vyake. Mpiga picha hakukusudia kuyachukua maneno hayo, lakini akifika nyumbani anayo.

Hapa pana mgogoro wa kweli kwa mtafiti. Clark (1977), katika chapisho la The Ozidi Saga, alihifadhi maneno ya watazamaji waliokuwa wakimkatiza fanani, na kwa kufanya hivyo aliwaachia wasomi ushahidi wa jinsi hadhira inavyoshiriki kuijenga kazi. Kwa mantiki hiyo, vicheko, manung'uniko na sauti ya kondakta anayetaja kituo ni data, si kelele. Kuviondoa ni kuondoa hadhira, yaani mojawapo ya mambo sita ya Mulokozi. Kuviweka ni kuwachukulia watu maneno yao bila ruhusa. Tofauti ni kwamba watazamaji wa Ozidi walikuja kutazama, ilhali abiria hawakuja.

Makala haya yanapendekeza sauti zirekodiwe katika njia mbili zilizotenganishwa. Njia ya kwanza ibebe ala na waimbaji, nayo ndiyo itakayotumika katika filamu inayooneshwa hadharani. Njia ya pili ibebe mazingira ya chombo, ihifadhiwe peke yake, na itumike kwa uchambuzi pekee baada ya sehemu zenye mazungumzo binafsi kufutwa. Kwa kuwa kinasa sauti na kamera huhesabu muda kila kimoja kwa saa yake, makofi ya kulinganishia yapigwe mwanzoni na mwishoni, ili tofauti ndogo inayojitokeza katika mkupuo mrefu iweze kusahihishwa.

4.0 Picha: Dirisha kama Saa

Ugumu wa picha huanzia dirishani. Katika ukumbi, mhariri anaweza kuunganisha ubeti wa kwanza wa mkupuo wa asubuhi na kiitikio cha mkupuo wa jioni, na mtazamaji asitambue. Ndani ya basi, dirisha humsuta. Nyumba, miti na mabango yanayopita ni saa inayoonekana na watu wote. Mwanguko wa mwanga, abiria aliyekuwa ameketi na sasa hayupo, hata mlango uliokuwa wazi na sasa umefungwa, vyote vinatoa ushahidi dhidi ya uhariri. Ndiyo maana kurekodi kwa mkupuo mmoja kumekuwa desturi ya aina hii ya filamu. Desturi hiyo huelezwa mara nyingi kuwa ni mapenzi ya uhalisi. Pamoja na hayo, chanzo chake kimojawapo ni hiki cha kawaida: mahali panaposafiri hapaungiki kirahisi.

Mkupuo mmoja huilazimisha bendi ipange wimbo kwa kufuata njia. Chombo kinachokwenda kilomita 36 kwa saa husafiri mita 10 kwa sekunde. Wimbo wa dakika nne utachukua kilomita 2.4. Katika njia ya mabasi yaendayo haraka ya Dar es Salaam, ambayo huduma yake ilianza mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni pamoja na matawi yake, vituo vimekaribiana kiasi kwamba wimbo huo hauwezi kumalizika kati ya kituo na kituo. Milango itafunguliwa, tangazo litasikika, watu watapita mbele ya kamera. Bendi inayofahamu hilo huweka sehemu ya ala tupu pale kituo kinapotarajiwa, na kuuacha ubeti wenye maneno muhimu kwa mwendo mrefu. Jambo hili lifanyiwe majaribio kwa kupanda chombo hichohicho, saa ileile, bila ala wala kamera, mikononi ikiwa saa tu.

Kuhusu mwanga, kamera isiachwe iamue yenyewe. Chombo kinapotoka kivulini kuingia juani, kamera iliyo katika hali ya kujirekebisha hufanya nyuso ziwe nyeusi kwa ghafla. Mpiga picha apime mwanga wa nyuso za wanamuziki, aufunge, na akubali dirisha liwe jeupe kupita kiasi pale inapobidi. Taa za ndani nazo huweza kumetameta katika picha. Katika nchi zinazotumia umeme wa hetsi 50, kasi ya shata ya 1/50 au 1/100 ya sekunde huondoa tatizo hilo kwa taa za umeme wa majumbani. Taa za vyombo vya usafiri huendeshwa kwa mifumo tofauti, hivyo jaribio la dakika moja kabla ya siku ya kazi ni la lazima.

Kifaa cha kuimarisha kamera hakisaidii kama inavyodhaniwa. Kifaa hicho hutambua mzunguko wa mwili wa anayekishika. Basi linapokata kona, hudhani kwamba ni yeye aliyegeuka, kisha huivuta kamera upande mwingine taratibu. Mkono ulioegemezwa kwenye kiti mara nyingi hutoa picha inayoaminika zaidi, kwa sababu mpiga picha, bendi na abiria wanatikiswa na kitu kimoja. Inafaa kukumbuka pia kwamba kanuni za New York humruhusu msafiri kupiga picha na video, lakini humzuia kutumia taa, viakisi mwanga na stendi ya miguu mitatu bila kibali maalumu. Sababu ni ya kiusalama: kinachosimama njiani humzuia mtu kutoka. Umbo la picha ya mkononi, ambalo leo huhesabiwa kuwa mtindo, limeungana na haki ya abiria ya kuufikia mlango.

5.0 Ridhaa: Nani Anaweza Kuitoa?

Kosa linalojitokeza kwa wepesi ni kudhani kwamba kibali cha mmiliki wa chombo ni kibali cha waliomo. Mmiliki anaweza kuruhusu matumizi ya basi lake. Hawezi kuruhusu matumizi ya uso wa abiria. Vivyo hivyo, kibali cha serikali cha kutengeneza filamu, kinachohitajika Tanzania chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, hakifuti haki ya mtu mmojammoja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 na ile ya Kenya ya mwaka 2019 zinalinda taarifa zinazoweza kumtambulisha mtu. Uso ulio wazi katika picha, pamoja na njia na saa ya safari, unatosha kumtambulisha. Upande wa muziki, bendi inayoimba wimbo wa mtu mwingine inahitaji idhini ya mwenye haki, kwa mujibu wa sheria za hakimiliki, hata kama wimbo huo unasikika kila siku redioni.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Inaweza kusemwa kwamba abiria wa matatu za Nairobi amekwisha kuzoea muziki wa sauti ya juu asiouchagua, na kwa hiyo bendi haimwongezei mzigo. Pingamizi hilo linachanganya mambo mawili. Muziki unaochezwa na spika humpa abiria kitu, hata kama hakukitaka. Kamera humchukulia kitu. Anayetoka kliniki, anayekwenda kwenye usaili wa kazi bila mwajiri wake wa sasa kujua, na anayemkimbia mume anayempiga, wote wanaweza kuvumilia wimbo. Hawawezi kuvumilia kuonekana.

Utaratibu unaopendekezwa una hatua tano. Kwanza, tangazo la maandishi na la mdomo litolewe kituoni, kabla ya abiria kupanda, pale ambapo bado anaweza kusubiri chombo kingine. Pili, sehemu ya chombo itengwe ambayo kamera haitaielekea kabisa, nayo iwe na viti vya kutosha na isiwe adhabu. Tatu, kamera itazame upande ambao abiria huonekana kwa migongo, na nyuso zionekane za waliokubali tu. Nne, awepo mtu asiyeshika kamera wala ala, ambaye kazi yake ni kusikiliza malalamiko na mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi. Tano, abiria apewe namna ya kuomba afutwe kabla ya filamu kuoneshwa, na tarehe ya mwisho ya kufanya hivyo itajwe. Watoto wasiofuatana na wazazi au walezi wasirekodiwe kwa vyovyote.

6.0 Kuchagua Chombo

Ikiwa kipimo ni uwezo wa abiria kujitenga, vyombo vya Afrika Mashariki havilingani. Daladala na matatu ndivyo vigumu zaidi, kwa kuwa hakuna mahali pa kusogea. Aidha, kanuni zilizoanza kutekelezwa Kenya mwaka 2004, maarufu kwa jina la waziri John Michuki, zilitaka abiria afunge mkanda. Bendi inayosimama na kucheza ndani ya matatu iliyo barabarani inaweka hatarini miili yake na ya wengine. Njia ya heshima ni kukodi gari zima na kuwaalika watu wanaojua wanachokiendea, kisha kueleza hivyo waziwazi katika filamu.

Kivuko cha Magogoni na Kigamboni kina nafasi ya kusogea, na upepo wake ni tatizo la maikrofoni kuliko la maadili. Uvukaji ni wa muda mfupi, hivyo wimbo mmoja unatosha. Treni ya masafa marefu inafaa zaidi. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, Zambia, hutoa safari ambayo abiria anaweza kutembea kutoka behewa hadi behewa. Bendi ikiwekwa katika behewa la chakula na tangazo likatolewa mapema, anayekuja amechagua kuja. Hadhira ya safari inageuka kuwa hadhira ya tukio, na mtafiti anapata kile ambacho hakiwezi kupatikana ndani ya daladala: vicheko na maneno ya watu waliokubali kusikika.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamebainisha kwamba upigaji picha wa bendi ndani ya usafiri wa umma hautofautiani na ule wa ukumbini kwa sababu ya mtikisiko na kelele peke yake. Tofauti kubwa ni kwamba hadhira haikuchagua kuwa hadhira na haiwezi kushuka. Maikrofoni iliyo karibu, ala chache, kamera ya mkononi na mkupuo mmoja ni mbinu zinazompunguzia abiria mzigo na wakati huohuo kuiboresha filamu. Panapotokea mgongano, kama ule wa sauti za abiria ambazo ni data na pia ni siri, abiria atangulie na data isubiri. Inapendekezwa kwamba tasnifu zinazowasilisha rekodi za aina hii zieleze, katika sura ya mbinu za utafiti, si aina ya kamera iliyotumika tu, bali pia abiria asiyetaka kurekodiwa aliweza kwenda wapi. Mtahini asipolipata jibu la swali hilo, ana haki ya kuirudisha kazi.